Muhuri wa Kiwanja cha Kwanza

Sikio lilikuwa limezama ardhini hadi shingoni, na watu watatu walisimama kulizunguka kama ndugu wanaongoja mgonjwa afumbue macho.

Nshoma Luhende alipiga goti, akafuta vumbi kwenye kioo kidogo kilichokuwa kichwani mwa chombo, akangoja. Alikuwa msuluhishi wa Baraza la Uoto kwa miaka ishirini na miwili, na bado kila mara kabla ya kipimo kutoka alisema maneno yale yale kimoyomoyo: Bwana, yawe ya kweli. Hakuomba yawe mazuri. Alishajifunza kwamba matokeo mazuri kwa mmoja ni kilio kwa mwingine, na wote wawili wana watoto nyumbani.

Sikio lilikuwa mkuki wa chuma cheupe, mrefu kama mkono wa mtu mzima. Likishapigwa chini, lilisikiliza maji yakipanda kwenye mizizi, minyoo wakigeuza udongo, nyuzi za uyoga zikipeana chumvi gizani. Lilikusanya sauti hizo kwa saa nzima, kisha likazilinganisha na sauti za Kiwanja cha Kwanza, mahali pamoja tu ambapo Sheria ya Uoto wa Asili ilipatambua kuwa ardhi isiyoguswa. Ardhi iliyofika arobaini kwa mia ya Kiwanja cha Kwanza ilikuwa hai, na hakuna mtu aliyeweza kuifyeka, awe tajiri au serikali yenyewe. Ikishuka chini ya arobaini ilihesabiwa imekufa, na mwenye haja nayo aliweza kuiomba.

"Thelathini na moja," likasema Sikio kwa sauti yake ya karani.

Injinia Makoye Shilinde alivua kofia akajipangusa jasho. Hakushangilia. Alikuwa amekuja kuomba eneo hili, hekta sitini za ngitili ya Isunga, malisho ya akiba ya jadi, ili asimike minara thelathini ya kunyonya unyevu wa hewa. Minara hiyo ilikunywa hewa ya alfajiri na kutoa maji safi, lakini chini yake hakuna kilichobaki kibichi, ndiyo maana Sheria iliiruhusu kwenye ardhi iliyokufa peke yake. Mji wa Lugeyo ulikuwa na watu elfu kumi na moja. Tangu bwawa lao likauke walipata ndoo mbili kwa kila nyumba, kila siku ya tatu.

Mtu wa tatu alikuwa Holo Jidayi, mwenyekiti wa wenye ngitili. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, na jembe begani. Malisho ya Isunga yalikuwa yakifungwa kila mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikaza, kama mababu walivyofanya. Kwa macho ya mgeni yalikuwa majani makavu na visiki. Holo alisogea mbele. Alishusha jembe, akachimba pembeni ya kisiki kimoja cha mti wa mhale, akapasua gome kwa ncha.

"Weka kidole hapo."

Nshoma aliweka. Kidole kilirudi kimelowa.

"Kisiki kinatoa maji," Holo alisema, "na chuma chako kinasema kimekufa."

"Mayu Holo," Nshoma alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "siamui kwa kidole. Ningekuwa naamua kwa kidole, kila mtu angeniletea kisiki chake."

"Hapo umesema, Mheshimiwa," Makoye alisema, akacheka kidogo.

"Wewe cheka. Ulipokuwa mdogo ulikuja kuiba matunda ya mfuru humu humu, na mimi ndiye niliyekuwa nakukimbiza."

"Na hukunikamata hata siku moja."

"Nilikuachia. Miguu ilikuwa kama njiti za kiberiti, nikasema huyu nikimkamata atavunjika."

Makoye alicheka tena, safari hii kwa moyo, kisha akarudisha kofia kichwani. "Mama, mimi sikuja kukuonea. Hata mama yangu anapanga foleni ya maji kule Lugeyo."

"Najua. Anapanga nyuma yangu." Holo alimgeukia Nshoma. "Ng'wana Luhende, nikuulize. Hilo sikio linalinganisha ardhi yangu na nini?"

"Na Kiwanja cha Kwanza. Kiko kwetu, Mwanzagilo."

"Wewe ndiye uliyekichagua?"

"Ndiyo, mimi. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza."

"Miaka kumi na minne iliyopita ulikuja kupima ngitili ya mume wangu, Masunga. Sikio lilisema thelathini na nne. Waliopewa wakafyeka siku nne. Wakalima pamba misimu mitano, ikawa vumbi, wakaondoka. Masunga akakusanya ng'ombe wake akaenda Katavi. Hunipigia simu sikukuu." Aliyasema haya bila uchungu, kama mtu anayetaja njia. "Siku ile sikuuliza kitu, kwa sababu sikujua kama mtu anaweza kuuliza. Leo nataka kukiona hicho kiwanja."

Nshoma alifungua mdomo kusema haiwezekani, akakumbuka kwamba inawezekana. Kifungu cha kumi na nne kilimpa kila mlalamikaji haki ya kuona kipimo anachopimwa nacho. Kwa miaka yote ile hakuna aliyeitumia.

"Dagashida inakaa Alhamisi," alisema. Dagashida ulikuwa mkutano wa jadi wa watu wote, ambao Sheria iliupa nguvu ya kupokea maamuzi ya Baraza na kutoza adhabu. "Leo Jumanne. Kesho asubuhi twende."

*

Kiwanja cha Kwanza kilizungushiwa waya, na langoni palikuwa na kibao cha chuma: KIPIMO CHA ARDHI ISIYOGUSWA. KIMETHIBITISHWA NA N. LUHENDE. Nshoma hakupita hapo bila kumshukuru Mungu. Binti wa mchungaji wa ng'ombe, na jina lake ndilo lililoshikilia haki ya wilaya sita.

Ndani, majani yalifika kiunoni. Migunga ilikuwa minene na ndege walikuwa wengi. Holo alitembea polepole huku akiangalia chini. Alichuma jani la mnavu akalitafuna. Mbele kidogo akagusa mchicha pori uliokuwa mrefu kuliko yeye. Kwenye kona akasimama mbele ya mibarika mitatu iliyozeeka, na nyuma yake mnyaa mmoja, shina lake limeungua zamani upande mmoja. Hapo akachuchumaa, akachimba kwa vidole hadi kifundo cha mkono, akatoa udongo mweusi, akaunusa.

"Ng'wana Luhende, ulikulia hapa?"

"Hapa hapa."

"Ulichunga?"

"Nilipelekwa shule ya bweni nikiwa na miaka saba. Nilikuwa narudi likizo."

"Ah," Holo alisema, na katika hiyo 'ah' hapakuwa na dharau. "Basi ndiyo sababu hukujua. Mnavu na mchicha wa namna hii huota penye samadi. Hapa palilala ng'ombe. Si mwaka mmoja wala miwili."

Nshoma alisikia joto likimpanda shingoni. "Hapa hapajalimwa, mayu. Baba yangu mwenyewe alinileta. Alisema jembe halijaingia hapa tangu yeye hajazaliwa."

"Sijasema palilimwa. Nimesema palilala ng'ombe."

Walikwenda kwa shangazi yake, Kundi, ambaye ndiye peke yake aliyebaki wa kizazi cha baba. Walimkuta kibarazani anabangua karanga, miguu imenyooka, redio ya jua ikiimba kwaya pembeni. Alipokea salamu zao, akamtazama Holo toka juu hadi chini, akasema, "Huyu analima. Wewe Nshoma, lini utaanza?"

"Shangazi, pale kwenye kiwanja changu palikuwa na nini zamani?"

Kundi alipunguza redio. "Kwa nini unauliza?"

"Nataka kujua."

"Palikuwa kwa babu yenu mkubwa. Mji wenyewe ulizungushiwa minyaa. Ng'ombe mia tatu, waulize wote, mia tatu, walilala pale tangu babu wa baba yako hadi mwaka wa radi. Radi ikapiga, ikaua watu wanne ndani ya nyumba moja. Tukahama siku ile ile. Mahame ya radi hayalimwi, wala hayatajwi. Minyaa tuliichoma moto."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

Shangazi alitupa maganda kwenye ungo. "Mwanangu, ulikuja na chuma chako, na gari la serikali, ukauliza: ni wapi ambapo jembe halijawahi kuingia? Baba yako akakujibu, na alikujibu kweli. Uliuliza palikuwa na nini? Hukuuliza. Naye asingeweza kutaja mahame ya radi mbele ya wageni. Ungeuliza, tungekuvuta pembeni."

Kwaya ilimaliza wimbo na kuanza mwingine. Nshoma alihesabu kichwani. Samadi ya vizazi vitatu, minyoo wasiohesabika, udongo mnono kama wa bustani. Huo ndio aliouita wa asili, na akautumia kupimia nyika yote ya visiki na majani makavu.

"Shangazi," Holo aliuliza kwa adabu, "na ni wapi ambapo halijaingia jembe, na ng'ombe hawakulala?"

Kundi alinyoosha kidole kwenye mteremko wa mawe nyuma ya kijiji. "Pale. Mawe yanaumiza kwato, na jembe linavunjika mpini. Pale kuna miti yake tu, na nyoka wake."

*

Nshoma alikuwa na Sikio la akiba kwenye pikipiki. Alimwomba Holo abaki na shangazi, akapanda mteremko peke yake. Alipiga chombo katikati ya mawe mara mbili, mahali pawili tofauti. Saa mbili baadaye alikuwa na majibu: hamsini na tisa, na sitini na moja.

Basi ardhi isiyoguswa kweli ilikuwa sitini, si mia. Na Isunga, yenye thelathini na moja, ilikuwa imepita nusu yake. Isunga ilikuwa hai.

Aliketi juu ya jiwe akaliambia Sikio litafute mashauri yote yaliyowahi kuamuliwa kuwa ardhi imekufa, ambamo kwa kipimo cha sitini ardhi ingehesabiwa hai. Chombo kilitafuta kwa muda mfupi kuliko pumzi.

"Kumi na tisa," kikasema, na majina yakapita kiooni. La Masunga lilikuwa la sita. La kumi na moja lilikuwa Nyashimba, ambako kaya tisini sasa zililima mtama kwa hati alizozitia saini yeye. Bintiye alikuwa ameolewa Nyashimba. Wajukuu zake walikula mtama huo.

Akampigia Katibu wa Baraza, Dokta Rwegoshora, mtu aliyemheshimu. Alimweleza yote bila kuficha.

Katibu alijibu bila kupandisha sauti. "Nshoma, sikiliza. Kipimo ni halali hadi muhuri wake uondolewe. Haujaondolewa. Amua la kesho kwa kipimo halali. Mwezi ujao tutahamisha Kiwanja taratibu, tuseme ni matengenezo."

"Na yale kumi na tisa?"

"Yamefungwa. Unakumbuka kabla ya Sikio? Watu walikatana mapanga kwa ajili ya malisho. Wewe mwenyewe ulizika binamu yako. Waliacha kwa sababu waliamini kuna chombo kisicho na ndugu. Kesho ukisimama ukasema kilikosea, keshokutwa nani atakiamini? Na wewe unajua: aliyeuweka muhuri ndiye anayeweza kuuondoa, na akiuondoa, leseni yake inakwisha hapo hapo. Hapewi tena maisha yake yote. Utakuwa umewasha moto na huna hata ndoo ya kuuzimia."

"Nimekusikia, Dokta."

"Umenisikia au umenielewa?"

"Vyote viwili."

Alizima simu. Jua la mchana lilikuwa kali, na kwenye mawe hapakuwa na kivuli cha maana. Alipiga magoti pale pale. Hakupinga kwamba Katibu alisema mambo ya kweli. Hofu ya mapanga ilikuwa ya kweli. Mtama wa Nyashimba ulikuwa wa kweli. Lakini alijua pia kwamba kesho akisema thelathini na moja, atakuwa anasema uongo kwa mara ya kwanza. Mashauri yote yaliyopita yalikuwa makosa ya mtu asiyejua. La kesho halingekuwa kosa.

"Bwana," alisema kwa sauti, "sikuombi uniondolee kesho. Naomba ulimi wangu usitetemeke, wasije wakadhani sina hakika. Na hao wa Nyashimba, ni wako kabla hawajawa wakwe zangu. Amina."

Aliinuka, akakung'uta magoti. Kitu kilichomshangaza ni kwamba alikuwa na njaa. Alishuka kwenda kula karanga za shangazi.

*

Dagashida ilikaa ndani ya godauni la zamani la pamba, watu mia tano na zaidi, wanawake upande wa mlango kwa ajili ya hewa. Mwenyekiti alikuwa Lubinza, mkulima wa Nyashimba, baba mkwe wa binti wa Nshoma. Alimwita mbele kwa heshima kama kawaida: "Mkwe wangu na msuluhishi wetu, tupe kipimo cha Isunga."

Nshoma aliweka Sikio juu ya meza. Aliwaeleza mambo yote kwa mpangilio: alivyouliza swali nusu miaka ishirini na miwili iliyopita, alivyojibiwa, na jinsi alivyochukua zizi akaliita nyika. Aliposema "mahame ya radi" wazee kadhaa waliinamisha vichwa. Aliposema "kumi na tisa" godauni lilivuma kama mzinga uliopigwa teke. Alisoma majina yote, na la Nyashimba hakuliruka.

"Chombo hakikudanganya," alimaliza. "Kilifanya kama nilivyokifundisha. Aliyekosea ni mimi, na ninaweza kuwaonyesha mahali nilipokosea, ndiyo maana nasema mtaweza kukiamini tena. Msingekuwa na sababu ya kukiamini kama ningejua nikanyamaza."

Aliweka kiganja juu ya kichwa cha Sikio. "Naondoa muhuri wa Kiwanja cha Kwanza."

"Ukiondoa, leseni yako inakwisha," likasema Sikio, na sasa sauti ya karani ilisikika hadi nyuma. "Thibitisha."

"Nathibitisha."

"Kwa mara ya pili, thibitisha."

"Nathibitisha."

"Kwa mara ya mwisho."

"Nathibitisha. Mimi, Nshoma, binti Luhende."

Taa ndogo ya kijani aliyoizoea ikazimika. Ulimi wake haukutetemeka. Aliondoa mkono kwenye chombo.

Lubinza alisimama. Alikuwa mtu mkubwa, na alichukua muda kusimama. "Mkwe, unatufukuza?"

"Sina tena mamlaka ya kumfukuza mtu wala kumbakiza. Hayo mashauri yatafunguliwa na msuluhishi mwingine. Wale walionyang'anywa watakaa mezani na wale waliopewa. Siwezi kuwaahidi mtakachokubaliana. Ninachojua ni kwamba wakati huu mtaongea mkiwa mnajua ukweli, wote."

"Mimi nimo katika hao waliopewa," Lubinza aliwaambia watu, "kwa hiyo kwenye hili si haki niseme peke yangu." Akaketi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu kuona mwenyekiti wa dagashida akiketi kabla ya shauri kwisha.

Makoye aliinuka, uso umekaza. "Mimi simlaumu. Lakini nauliza jambo moja tu. Maji? Tumengoja miaka mitatu. Isunga imefungwa, sawa. Jumamosi ni zamu ya mtaa wetu, ndoo mbili. Nikawaambie nini, kwamba visiki vimeshinda?"

Hakuna aliyemzomea. Wengi walikuwa wa Lugeyo, au walikuwa na ndugu huko. Nshoma alimsikia Katibu masikioni mwake: huna hata ndoo ya kuuzimia.

Ndipo Holo Jidayi alipotoka upande wa mlango. Leo hakuwa na jembe.

"Weka minara kwa mume wangu," alisema.

"Mama, eneo lile nalo si lina kesi?" Makoye aliuliza. " La sita kwenye orodha. Ni lenu, mnaweza kudai lirudi kuwa ngitili."

"Litarudi na nini? Kila mwaka baada ya mvua ya kwanza naenda pale na jembe. Miaka kumi na minne. Nachimba hapa, nachimba pale, natafuta kisiki kimoja tu chenye maji, nimpigie Masunga nimwambie rudi. Sijakipata. Wakati Sikio linasema pamekufa, palikuwa hai. Sasa hakuna mtu anayesema neno, na pamekufa." Alimgeukia Makoye. "Mnataka ardhi iliyokufa. Mlishaiua moja. Itumieni hiyo."

Makoye alikuwa ameanza kuhesabu kwa vidole. "Ni mbali. Mabomba ya kilomita saba zaidi. Wiki tano, labda sita."

"Wiki sita nitapanga foleni na mama yako. Anasimulia vizuri."

"Lazima papimwe, na kwa kipimo kipya."

"Pimeni. Mimi nimeshapima."

Makoye akafanya jambo ambalo wanaume wa rika lake walikuwa wameliacha: aliinama akapiga makofi mawili ya pole, kama mtoto anayepokea kitu kwa mama yake. "Isunga naiacha," alisema. "Iandikwe."

Ikaandikwa. Ikabaki adhabu, maana dagashida haifungwi bila adhabu aliyekosa akiwa amekiri. Mmoja alitaja ng'ombe. Mwingine akasema amepoteza kazi, inatosha. Hatimaye ni sauti za wanawake, zikimfikia Lubinza kutoka mlangoni, zilizokubaliwa na wote: Nshoma aende kwa miguu mahali pote kumi na tisa, si kwa barua, na katika kila mahali aseme mambo yale yale aliyoyasema godaunini, mbele ya yule aliyepoteza.

"Na Nyashimba ukifika," Lubinza alisema, akimtazama kwa mara ya kwanza tangu aketi, "utalala kwetu. Mkwe hapiti njia kama mgeni."

*

Nshoma alianza na la sita, lile la Masunga, kwa sababu lilikuwa karibu.

Siku mbili kabla, msuluhishi wa wilaya ya jirani alikuwa amepima pale kwa kipimo cha muda cha mteremko wa mawe. Kati ya mia, ardhi ilipata kumi. Vigingi vyekundu vya Makoye vilikuwa tayari vimesimama kwa mistari hadi mwisho wa macho. Hapakuwa na mdudu aliyelia. Udongo ulikuwa mwepesi, ulipita kwenye vidole vya miguu kama majivu.

Holo alikuwa amefika kabla yake. Alisimama mahali ambapo, alisema, palikuwa na mkwaju.

"Sema," Holo alisema.

Nshoma alisema. Hakupunguza wala hakupamba. Alisema swali aliloliuliza na lile ambalo hakuliuliza, na thelathini na nne, na siku nne za kufyeka, na kwamba ardhi hii ilikuwa hai siku ile aliyoihukumu. Alisema anaomba msamaha, na kwamba hajui kama unapatikana, lakini anauomba. Alipomaliza, Holo bado alikuwa anatazama vigingi.

Ndipo alipoona kwamba Holo ameshika simu kifuani, kioo kimeelekezwa nje, na juu ya kioo dakika zinahesabika.

"Masunga," Holo alisema kwenye simu. "Umesikia?"

Palikuwa na upepo upande ule, na kengele za ng'ombe, nyingi. Kisha sauti ya mwanamume, ya chini, iliyosema maneno machache kwa Kisukuma ambayo Nshoma hakuyashika kwa sababu ya upepo. Holo alisikiliza, akaitikia mara mbili kwa kichwa, kana kwamba yule mtu alikuwa anamwona.

"Anasema amesikia." Holo alipangusa kioo cha simu kwa kanga, polepole kuliko vumbi lilivyohitaji. "Nilishamwambia na habari ya Isunga, kwamba imebaki. Anauliza kama mvua imeanza huku kwetu."

Nshoma alitazama upande wa Isunga. Juu ya ngitili wingu lilikuwa limeshuka, jeusi, upande mmoja tayari umefumwa nyuzi za mvua hadi chini.

"Mwambie imeanza," alisema.